Kilo Hamsini za Wabwire

Mbotela, Nairobi
4 Februari 1996

Mama,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi huku tupo, ingawa kusema tuko salama itakuwa kujisifu.

Umeniuliza mara mbili hali ya Baba Nasimiyu, na mara zote mbili nikakujibu habari za mvua. Nisamehe. Nilikuwa sijui nianzie wapi, na hata sasa sijui. Tangu Oktoba figo zake zote mbili zimekataa kazi. Kila Jumanne na Ijumaa tunakwenda hospitali anafungwa kwenye mashine, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Habari njema ni kwamba ndugu yake Naftaly amepimwa na damu yao imepatana, naye amekubali kumpa figo moja. Habari mbaya ni kwamba Wabwire mwenyewe amekonda mno. Daktari amesema hagusi kisu mpaka mgonjwa afike kilo hamsini. Ana arobaini na tano na nusu.

Sasa sikia, maana hapa ndipo kichwa changu kinapogonga ukuta. Kabla ya mashine walituambia asile nyama, itamchosha. Alipoanza mashine wakasema ale nyama na mayai, anahitaji nguvu. Anakula nyama anatapika, anasema inamnukia kama chuma. Daktari mmoja akamkataza maharagwe, mboga na matunda, eti yana kitu kinaitwa potasiamu kinachoweza kusimamisha moyo. Wiki iliyopita akaja dada wa lishe, mpya, anaitwa Mideva, akasema hapana, mtu huyu anakufa njaa, apewe vyakula vya shambani kwa sababu ndivyo vinavyokaa tumboni mwake. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemshwe, yamwagwe tena. Mboga zichemshwe kwa maji mengi, yamwagwe, ndipo zikaangwe kwa mafuta. Chumvi asiionje kabisa. Maji ya kunywa ni vikombe viwili kwa siku.

Nimfuate nani, Mama? Mimi ndiye nauza mboga soko la Jericho, watu wanatoka kwangu wamebeba mafungu ya managu na kunde, na mume wangu anakauka. Na hizi za Mideva akila anasema ni kama kutafuna gazeti.

Nasimiyu anakusalimia.

Binti yako,
Nerima

*

Chwele
15 Februari 1996

Nerima mwanangu,

Nilisoma barua yako, nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Kumwaga maji ya mboga! Hata ng'ombe wangu angeshangaa. Wewe mwenyewe ulipougua surua nilikunywesha maji ya kunde kwa kijiko, na leo una mdomo wa kunisimulia habari za potasiamu.

Lakini mgonjwa ni wako na hospitali ni yao, kwa hiyo mimi nitafunga mdomo. Huyo Mideva angalau amesema mtu ale. Anayesema mtu ale ana akili. Mfuate huyo, mwaga hayo maji, lakini usinisimulie tena.

Habari ya chumvi ndiyo imeniumiza. Mtu mzima ale chakula kisicho na ladha miezi na miezi? Ndiyo maana anakonda! Basi nimekutafutia njia. Katika kikapu nilichompa dereva wa basi utakuta majani ya kunde niliyoyakausha, na chupa ya mushelekha. Maganda ya maharagwe nimeyachoma mwenyewe, majivu nikayachuja kwa maji taratibu kama ulivyoniona nikifanya tangu utoto wako. Hiyo si chumvi ya duka. Babu zako walipikia hiyo kabla duka halijazaliwa. Tia vijiko viwili kwenye sufuria, mboga zitalainika na atalamba vidole.

Ningekuja kumpikia mwenyewe, lakini nyumba yenu ni chumba na sebule, na mimi na mkwe wangu tutapishana wapi? Tangu amekuoa sijawahi kumwona akitafuna, wala yeye hajaniona. Naona aibu hata kuwaza. Kwa hiyo nakutuma wewe.

Mpe salamu zangu. Mwambie ale.

Mama yako,
Khalayi

*

Mbotela
10 Machi 1996

Mama,

Kikapu kilifika na kila kitu kizima. Nilipika kunde kama alivyosema Mideva, nikamwaga maji, nikakaanga, halafu nikatia mushelekha kama ulivyosema wewe. Mama, alikula! Alikula akaomba tena. Siku kumi mfululizo alikuwa akiniuliza asubuhi, leo kuna nini. Nilikuwa nimesahau sauti yake ya kuuliza chakula.

Kliniki wakampima, mshale ukagonga arobaini na nane. Nilipiga kigelegele watu wote wakageuka. Muuguzi akaniambia, "Tulia, mama. Hayo ni maji. Tutampima tena akitoka kwa mashine." Alipotoka alikuwa arobaini na tano na nusu vilevile. Sijui kwa nini walinipa kilo kisha wakaninyang'anya.

Hayo ni madogo. Alhamisi alisimama aende msalani, miguu ikakataa. Akaniambia moyo wake unaruka ruka, halafu akaanguka kati ya kitanda na meza. Tulimfikisha hospitali karibu tumpoteze. Waliyosema ni kwamba damu yake imejaa ile potasiamu. Daktari akaniuliza kwa ukali, "Unampa nini huyu?" Nikasema mboga na maharagwe, zimemwagwa maji. Akauliza chumvi. Nikaapa kwa jina la Mungu, hata punje.

Basi mboga zote zimekatazwa. Maharagwe, kunde, ndengu, vyote. Mideva aligombezwa mbele yangu, naye alikuwa ameinamia daftari tu. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia pia, vyote kwa pamoja. Sasa Wabwire anakula ugali na yai moja, na yai lenyewe anatapika. Ana kilo arobaini na nne. Sielewi kitu, Mama. Chakula kilichomrudishia uso ndicho kilichotaka kumuua?

Nerima

*

Chwele
18 Machi 1996

Mwanangu,

Nimelia, kisha nikakasirika, kisha nikalia tena. Niliwasomea akina mama wa kanisa barua yako na kila mmoja akawa na lake. Mmoja anasema ni udongo wa Nairobi, mboga zinameza moshi wa magari. Lakini kunde zilikuwa zangu! Mwingine anasema fahali wawili hawakai zizi moja, daktari na Mideva wangechagua mmoja wa kuongea. Mimi mwenyewe sielewi. Nimezika watu wengi, Nerima, lakini sijamzika mtu aliyeuawa na mboga.

Watii. Kama wamesema mboga basi, ziwe basi. Lakini usimwache na yai la maji maji, atatapika hata mtu mzima. Ile chupa si bado ipo? Tia kijiko kwenye yai. Angalau apate ladha.

Tunamwombea kila Jumapili kwa jina lake.

Mama

*

Mbotela
31 Machi 1996

Mama yangu,

Keti kwanza. Kama umesimama, keti.

Jana Mideva alikuja hapa nyumbani. Hakutumwa na mtu. Alisema hajalala vizuri tangu siku ile, kwa sababu mboga zilizomwagwa maji mara mbili haziwezi kumwangusha mtu namna ile. Akaniambia, "Pika kama unavyopika siku zote, mimi nitatazama tu." Nikaloweka, nikachemsha, nikamwaga, naye anatikisa kichwa, sawa, sawa. Nikaweka sufuria tena jikoni, nikainua chupa yako nikatia vijiko viwili.

Akauliza, "Hiyo ni nini?"

Nikamwambia si chumvi, ni mushelekha. Mama, yule dada aliketi kwenye stuli akashika kichwa. Alisema, "Nyanya yangu kule Maragoli anapikia hii. Mimi nimelelewa na hii. Na sijawahi kuwaza kuuliza." Fomu yao ina mstari wa chumvi. Haina mstari wa majivu. Akanieleza kwamba potasiamu ya mmea haiungui, inabaki ndani ya majivu, na ukichuja majivu inatoka yote kwenye maji. Ile ninayoimwaga kwa mkono huu nilikuwa nairudisha kwa mkono huu, tena maradufu. Nilikuwa nimeshaitia kwenye yai mara mbili, kama ulivyoniandikia. Sijui ni nani aliyemshika asianguke tena.

Jumatatu ataongea na daktari ili mboga zirudi, bila chupa. Limau kidogo na kitunguu saumu vinaruhusiwa.

Mama, usijilaumu. Ni mimi niliyemimina. Wewe ulitaka apate ladha.

Nerima wako

*

Mbotela
21 Aprili 1996

Mama,

Wiki tatu hujaniandikia. Nimeuliza dereva wa basi, anasema amekuona sokoni Chwele na hukumsalimia. Tafadhali usininyime barua, mimi sina mwingine wa kumlilia.

Mboga zimerudi. Daktari amekubali, anapima damu kila wiki na damu iko sawa. Namwachia Wabwire chakula cha mchana mezani nikienda Jericho: maharagwe yaliyolowekwa, kabichi, ugali, mafuta ya kutosha. Nikirudi sahani ni tupu, imesafishwa. Na anakonda, Mama! Kilo arobaini na tatu. Wamempima kifua kikuu, hana. Wamempima minyoo, hana. Mideva anatazama karatasi zake kama mtu aliyepotea njia kijijini kwao. Ananiuliza, "Una hakika anakula?" Nami namwambia sahani naziosha mwenyewe.

Daktari amesema wakingoja zaidi ya mwisho wa Juni, hiyo nafasi ya upasuaji atapewa mgonjwa mwingine. Naftaly anapiga simu kwa jirani kila siku kuuliza kilo. Njoo, Mama. Mila tutaitafutia mahali pa kukaa.

Nerima

*

Chwele
27 Aprili 1996

Nerima,

Sikukuandikia kwa sababu mkono uliotengeneza ile chupa ndio unaoshika kalamu. Nilikuwa nikitazama jiko langu nashindwa kuwasha moto. Mtoto wa watu amenikosea nini hata nimtumie kifo kwenye kikapu? Usinijibu hilo.

Nakuja. Nitafutie mahali karibu nawe lakini si kwako. Sitakula kwake wala sitalala kwake. Nitapika tu.

Mama

*

Nyumbani kwa Halimo, Mbotela
14 Mei 1996

Baba Nasimiyu, mkwe wangu,

Hii ni mara ya kwanza nakuandikia wewe mwenyewe, na ukuta ulio kati yetu ni wa tofali moja. Nakusikia ukikohoa. Nampa jirani yenu Halimo karatasi hii aipitishe chini ya mlango, maana miguu yangu bado inamwogopa mkwe.

Wiki mbili napika kwa jiko la Halimo na Nerima analeta sahani kwako kabla ya kwenda sokoni. Halimo ni mtu mwema, ananipa kitanda chake na kulala na watoto. Leo asubuhi nilimwona akiwatupia kuku wake mahindi, na kuku hawageuki. Wote wako nyuma ya mlango wako, wamejipanga. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Mama, wallahi, sijui. Tangu mwezi wa nne wananona tu na mahindi yangu hawataki. Mmoja anataga kila siku."

Basi saa saba nikasimama dirishani. Nilikuona, Wabwire. Ulitoka na sahani, ukatazama kushoto na kulia, ukawamwagia kuku maharagwe niliyoyaloweka tangu jana. Ukasugua sahani kwa kipande cha ugali, ukampa jogoo kipande.

Nerima sijamwambia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi kilio cha nyumba hii sikitaki. Kama ni kwa sababu ya chupa yangu, kama unaogopa mkono wangu, niambie, nitarudi Chwele kesho na sitakulaumu. Lakini niambie.

Khalayi

*

Nyumba ya pili, Mbotela
14 Mei 1996

Mama,

Siogopi mkono wako. Kunde zako ni tamu, na kuzimwaga kunanichosha kuliko kuzila. Nakuomba radhi kwa kila sahani.

Naftaly ana watoto wanne. Anabeba magunia ya saruji kule Komarock wanakojenga, na mgongo wake ndio shamba lao, duka lao, kila kitu chao. Aliposikia damu yetu imepatana alikuja hapa anacheka, akaniambia "Bro, chukua moja, mimi nina spea." Watu wote walifurahi. Nerima alilia kwa furaha. Ningesimama wapi niseme sitaki? Ningemtazama nani?

Nikafikiri, nikifika hamsini watampasua. Nisipofika, hakuna wa kulaumiwa. Itakuwa ni kilo zimekataa. Nilianza kidogo kidogo, mwezi wa nne, mboga ziliporudi. Sikujua kwamba Nerima angepotewa na usingizi, wala kwamba Mideva angegombezwa tena kwa ajili yangu. Sikujua ungekuja. Sasa nimechanganyikiwa kuliko wao. Kuna siku nataka kufa kabisa, na kuna siku nanusa vitunguu vyako vikikaangwa nasimama ukutani kama mwizi.

Usimwambie Nerima.

Wabwire

*

Nyumbani kwa Halimo
15 Mei 1996

Wabwire,

Nimekusoma na nimekasirika, kwa hiyo utavumilia mwandiko.

Mimi nilikuwa nakuua bila kujua. Wewe unajiua ukijua, tena kwa chakula changu. Nani kati yetu ana dhambi kubwa? Mimi nimelia mwezi mzima kwa ajili ya vijiko viwili vya majivu, na wewe unalisha kuku!

Naftaly alipita hapa Jumamosi ulipokuwa umelala. Aliniamkia kwa hicho Kiswahili chenu cha Nairobi, "Mathe, niaje? Huyu buda amefika ngapi?" Nikamwambia bado. Nikamuuliza kama haogopi. Akasema, "Naogopa, mathe. Hata sindano tu naogopa. Lakini yeye ndiye alinilipia shule baba yetu alipokufa, akaacha yake. Alikuwa na miaka kumi na sita. Hakuniuliza kama nataka. Sasa ni zamu yangu na yeye anakaa tu arobaini na tatu, arobaini na tatu. Ananichukia?" Mwanaume mzima, Wabwire, na macho yalimjaa. Anafikiri unamkataa yeye.

Mkewe nimeongea naye pia. Wamekubaliana. Wamepanga akae kwa kaka ya mkewe mpaka apone, na msimamizi wake amemwahidi kazi ya stoo isiyo na mizigo. Hayo yote hukuyajua kwa sababu hukuuliza. Ulikuwa unaongea na mizani.

Kama hutaki figo yake, mwite, mkatalie machoni. Hiyo ni haki yako na mimi nitakunyamazia. Lakini hutamkatalia kupitia kwa kuku wa Halimo.

Leo saa saba sahani nitaileta mwenyewe. Nitaketi kizingitini nimekupa mgongo, nitazame barabara. Mila na isinilaumu, sitakuona. Ukimaliza nipe sahani kwa nyuma, nitaipima kwa mkono. Na Nerima utamwambia wewe, leo, kwa mdomo wako. Mimi si tarishi wa siri za ndoa.

Khalayi

*

Hospitali, Wadi ya Tano
25 Juni 1996

Mama,

Muuguzi amenipa kalamu, amesema ni dakika kumi tu.

Nerima atakuwa amekuambia tulivyolia siku ile, yeye na mimi, mpaka Nasimiyu akatuletea taulo moja tugawane. Hakunisamehe upesi. Alinipikia siku tatu bila kunisemesha, akikaa mbele yangu mpaka nimeze. Ninyi wawili mmefanana.

Naftaly nilimwita nikamwambia yote. Akaniambia mimi ni fala. Halafu akanishika shingo vile tulivyokuwa tukishikana tukiwa wadogo, hakuachilia. Nilimuuliza mara tatu kama ana hakika. Mara ya tatu alisema nikimuuliza tena atanipiga. Basi sikuuliza ya nne.

Wiki iliyopita, baada ya mashine, maji yote yakiwa yametoka, mshale ulisimama hamsini na nusu. Mideva aliniambia nishuke nipande tena, hakuamini. Nikapanda tena. Hamsini na nusu. Aliandika, akafuta, akaandika.

Saa hizi Naftaly yuko kitanda cha pili, anakoroma kama hakuna kitu. Wataanza naye saa mbili, kisha mimi. Daktari hakunificha. Figo inaweza kukubali na inaweza kukataa. Naogopa, Mama. Namwogopea yeye na najiogopea mimi, na zamani nilikuwa sijiogopei.

Kuna jambo moja nilitaka ulijue kabla hawajanichukua, na sikupata mwingine wa kumwandikia. Tangu jana jioni wamenikataza kula, tumbo linatakiwa liwe tupu. Hapo jikoni wanachemsha maharagwe ya mchana na harufu inakuja mpaka hapa. Mama, nina njaa. Nina njaa kweli.

Mwanao,
Wabwire